Mtego wa Eisack, 1809: namna ya kuuweka mlima juu ya meza

Tarehe 4 Agosti 1809, askari wa Saksonia waliokuwa wakipigana upande wa Napoleon waliingia kwenye korongo la mto Eisack, kusini mwa Brenner, njia inayovuka milima ya Alps, wakielekea mji wa Brixen. Barabara ilikuwa moja tu. Upande huu mto, upande ule mlima, na huko mlimani walikuwepo wakulima na wenye nyumba za wageni wa Tyrol, jimbo la milima hiyo, wamerundika mawe nyuma ya magogo yaliyofungwa kwa kamba. Hadi kesho yake Wasaksonia karibu elfu moja walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au wametekwa. Mahali hapo mpaka leo panaitwa Sachsenklemme, yaani mbano wa Wasaksonia, na magari ya barabara kuu ya Brenner hupita palepale bila kupunguza mwendo.

Kwa kipimo cha vita vya Napoleon hilo lilikuwa jambo dogo. Mwezi mmoja kabla, huko Wagram, karibu na Vienna, watu wapatao laki tatu wa Napoleon na wa Austria walipambana kwa siku mbili. Lakini kwa sisi tunaocheza vita mezani, kwa sanamu ndogo za askari, rula na dadu, Wagram ni rahisi kuliko Eisack. Uwanda unakubali kulala juu ya meza. Mlima haukubali. Tena Wagram pande zote mbili zilionana. Eisack upande mmoja ulijificha, na mchezaji wa leo anakuja mezani akiwa ameshasoma jinsi mambo yalivyokwisha. Makala hii inahusu matatizo hayo mawili, la mlima na la siri, na nadhani lile la pili ndilo lenye kazi.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: meza inageuzwa kuwa uwanja wa vita, kila sanamu inasimama badala ya askari kadhaa, na wachezaji wanapokezana zamu. Katika zamu yako unasogeza vikosi vyako kwa umbali ulioruhusiwa, unafyatua risasi, na dadu zinaamua waliopigwa. Mwanzo wake haukuwa utoto. Mwaka 1812 mtumishi mmoja wa serikali ya Prussia, dola ya Wajerumani, Baroni von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake mchezo wa namna hiyo, na mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa mizinga, akachapisha kanuni zilizofundishiwa maofisa: ramani ya kipimo cha 1:8000, kila zamu dakika mbili, na mwamuzi anayejua kila kitu huku wachezaji wakijua kile tu ambacho kamanda wa kweli angekijua. Mwamuzi huyo tutamhitaji tena huko mbele.

Walifikaje korongoni

Mchezo usioeleza kwa nini watu wanapigana huishia kuwa kusukumana. Kwa hiyo kidogo tu cha historia.

Desemba 1805, baada ya kupigwa na Napoleon huko Austerlitz, Austria ilitia saini mkataba wa Pressburg na kuiachia Bavaria jimbo la Tyrol. Bavaria, rafiki wa Napoleon, ikaja na mageuzi ya haraka. Ililifuta jina la Tyrol na kuligawa jimbo kwa wilaya zenye majina ya mito. Ikapandisha kodi, ikapiga marufuku misa ya usiku wa manane ya Krismasi, ikaamuru watu wachanjwe ndui, na mwisho ikataka vijana wa kuingia jeshini. Hilo la mwisho ndilo lililowasha moto, maana tangu 1511 Watyrol walikuwa na hati ya Kaisari Maximilian iliyowapa haki ya kuilinda nchi yao bila kupelekwa kupigana nje ya mipaka yake. Aprili 1809 wakaasi. Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Andreas Hofer, mwenye nyumba ya wageni katika bonde la Passeier na mfanyabiashara wa divai na farasi.

Hawakuwa malaika. Walipoingia Innsbruck mwezi huohuo wa Aprili, nyumba za Wayahudi ziliporwa, na ile chanjo waliyoichukia ilikuwa ikiokoa watoto wao. Nalisema mapema kwa sababu wachezaji wengi humpenda mkulima wa mlimani kabla ya kumjua, na mapenzi hayo huishia kwenye kanuni: mkulima anapewa shabaha isiyokosea na miguu isiyochoka.

Baada ya Wagram, Austria ilikubali kusitisha mapigano huko Znaim tarehe 12 Julai, na majeshi yake yakaondoka Tyrol. Waasi wakabaki peke yao. Tarehe 30 Julai Marshali Lefebvre, kamanda wa Napoleon, akaingia Innsbruck, kisha akamtuma Jenerali Rouyer avuke Brenner, ashuke hadi mji wa Sterzing na kuifungua njia ya Brixen. Mbele ya safu ya Rouyer walitangulia hao Wasaksonia. Hawakuwa watu wa ufalme wa Saksonia wenye makao yake Dresden. Walitoka kwenye vijidola vya Weimar, Gotha, Coburg, Meiningen na Hildburghausen, ambavyo kila kimoja kilitakiwa kumpa Napoleon fungu lake la askari. Weimar ni hiyohiyo ambako mshairi Goethe alikuwa waziri. Kwa hiyo korongoni walikutana Wajerumani kwa Wajerumani, na aliyekuwa chini aliweza kuelewa kilichopigiwa kelele juu, ijapokuwa kwa lafudhi ngeni.

Waliowasubiri waliongozwa na padri wa Wakapuchini, shirika la watawa wa Kikatoliki, Joachim Haspinger, mtu wa ndevu nyekundu, pamoja na wenye nyumba za wageni kama Peter Mayr. Msomaji asishangae wingi wa wenye nyumba za wageni katika habari hii. Katika mabonde yale nyumba ya wageni ndiko barua zilikoshukia, farasi walikobadilishiwa na habari zilikosikika kwanza. Aliyeimiliki alijulikana na bonde zima.

Kilele kinachokupita kichwa

Sasa chukua meza. Ya kawaida ya mchezo huu ina urefu wa sentimita 180 na upana wa 120. Tukisema sentimita moja ni mita kumi za ardhi, meza inabeba kilomita moja na mita mia nane za korongo, na hiyo inatosha kwa kipande kimoja cha njia kati ya vijiji vya Mittewald na Oberau.

Upande wa urefu na upana, hakuna shida. Shida ni kwenda juu. Sakafu ya bonde pale iko kwenye mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima inayolizunguka inapita mita 2,000. Tofauti ni zaidi ya mita 1,200, ambazo kwa kipimo chetu ni sentimita 120. Meza yenyewe ina kimo cha sentimita 75. Ukiujenga mlima kwa haki, kilele kitakuwa karibu mita mbili kutoka sakafuni, juu ya kichwa cha mchezaji, na hakuna sanamu itakayosimama kwenye mteremko huo hata ukiigundisha.

Sanamu nazo zina uongo wake. Zinazopendwa zaidi zina milimita 28 toka unyayoni hadi usoni. Kwa kipimo cha meza yetu, askari huyo ana urefu wa mita 28, sawa na jengo la ghorofa tisa, naye anatembea kwenye barabara inayomfika kifundo cha mguu. Ndiyo maana kwa vita vya milimani mimi napendelea zile za milimita 6. Hazipendezi ukizishika mkononi, nyuso hazionekani, lakini zikipangwa chini ya mteremko unaanza kuhisi kwamba mlima ni mkubwa kuliko watu. Asiye na sanamu kabisa atumie vizibo vya soda, kama wanavyocheza drafti vijiweni, vilivyopakwa rangi mbili tofauti. Mchezo hautapungua chochote, na hakuna atakayekesha akipaka vifungo vya koti.

Turudi kwenye kimo. Njia ya kutoka ni kuacha kuupima mlima kwa mita na kuupima kwa dakika. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila maili tatu za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda. Hizo futi ni kama mita 600, yaani mita kumi za kupanda kwa dakika. Tukiweka zamu moja kuwa dakika tano, mtu anapanda mita 50 kwa zamu. Kwa hiyo kata lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, panga tabaka moja juu ya jingine kama ngazi, na kila tabaka liite mita 50. Unene wa povu haujalishi tena. Uwe sentimita mbili au tatu, ni zamu moja.

Matabaka matano yanatosha. Kilele hatukihitaji, kwa sababu hakuna aliyeviringisha mawe kutoka kwenye kilele. Walikaa juu ya barabara, karibu kiasi cha kuona kofia za watu.

Mkulima wa Tyrol, aliyezoea na asiye na mzigo, atapanda tabaka moja kwa zamu. Askari wa Saksonia ana gobore, mkoba, mkate na risasi, jumla zaidi ya kilo ishirini, na viatu vya barabarani. Yeye atumie zamu mbili. Hapo hesabu inaanza kuwa na makali. Kikosi cha Wasaksonia kitakachotumwa kupanda matabaka matano ili kuwatoa waviziaji kitachukua zamu kumi, dakika hamsini. Barabarani, kwa mwendo wa hatua 75 hivi kwa dakika, safu inakwenda mita 250 kwa zamu, yaani sentimita 25 mezani. Meza yote inaisha kwa zamu saba au nane kama hakuna kinachoizuia. Maana yake kamanda anayetaka kulinda ubavu wake lazima aamue kabla hajaona adui, kisha ama aisubiri timu yake ya juu huku saa ikikimbia, ama aiache nyuma.

Huo ndio ugumu ambao kamanda wa milimani alikutana nao, na umekuja wenyewe kutokana na povu na saa.

Mtu anayejua kuna mtego

Tufike kwenye siri.

Kwenye bao kete zote ziko wazi kwa wote wawili, na anayeshindwa ameshindwa kwa akili. Shambulio la kuvizia halichezeki hivyo. Mwite rafiki yako, mwambie “wewe ni Wasaksonia, hili ni korongo la Eisack,” na papo hapo ameshajua kila kitu ambacho Wasaksonia wa kweli walikijua baada ya mawe kuanguka. Hataingia. Atasimama mwanzoni mwa meza na kutuma watu mlimani kwa zamu thelathini, na utakuwa umekaribisha mtu kwako aje akuangalie akingoja.

Dawa ya kwanza watu wanayoifikiria ni kudanganya. Badilisha majina, sema ni Hispania mwaka 1812, sema ni msafara wa kawaida wa chakula, kisha mshangaze. Inafanya kazi mara moja tu. Rafiki aliyeshangazwa mara moja hataiamini tena meza yako, hata ukimwalika kwenye uwanda ulio wazi kama kiganja.

Dawa ya pili ni yule mwamuzi wa Prussia: mtu wa tatu anakaa na ramani mbili, kila mchezaji anamwandikia amri, na mezani kinawekwa kile tu kinachoonekana. Hii ndiyo bora kuliko zote, ukimpata mtu wa tatu aliye tayari kutumia jioni nzima asicheze. Wengi wetu hatumpati.

Lakini nadhani tatizo limewekwa vibaya tangu mwanzo. Tunadhani Wasaksonia walinaswa kwa sababu hawakujua. Rouyer hakuhitaji kuambiwa kwamba korongo ni hatari. Mwezi Aprili wa mwaka uleule Wabavaria walikuwa wamepigwa hapo Sterzing, na nchi nzima ilikuwa imeshika silaha. Kilichokosekana ni kitu kidogo zaidi: mtego uko kwenye kona ipi, na je, upo leo au waliutegua jana wakaenda kuvuna? Juu ya hayo kulikuwa na amri. Lefebvre alitaka njia ya Brixen ifunguliwe, na jenerali anayerudi kusema “niliogopa mlima” haendelei kuwa jenerali muda mrefu.

Kwa hiyo mchezaji wa leo anayejua kuna mtego lakini hajui uko wapi, tena ana saa inayomsukuma, amekaa kwenye kiti cha Rouyer sawasawa. Hakuna haja ya kumdanganya. Kinachotakiwa ni vitu viwili: sehemu nyingi kuliko mitego, na sababu ya kutongoja.

Mchezaji wa Tyrol achukue vipande kumi vya karatasi na kuviweka kifudifudi mlimani mahali anapotaka. Vitatu kati yake vina neno “mawe”, vitatu vina majina ya vikosi, vinne ni vitupu. Mwenzake anaviona vyote kumi. Kila kimoja kinafunuliwa pale tu Wasaksonia wanapofika tabaka hilohilo umbali wa sentimita kumi, au mwenyewe anapofyatua bunduki. Baruti nyeusi ilitoa moshi mzito mweupe; aliyefyatua mlimani ameinua bendera, na baada ya hapo karatasi haina maana, sanamu inawekwa.

Vile vinne vitupu vinafanya kazi kuliko vyote. Nimeona mchezaji akipeleka nusu ya watu wake juu kwenda kufunua karatasi tupu, akapoteza zamu sita, huku karatasi ya chini kabisa, ambayo aliidharau kwa kuwa iko wazi mno, ikiwa ndiyo yenye magogo.

Sababu ya kutongoja ni idadi ya zamu. Mimi naweka kumi na nane, saa moja na nusu ya mapigano, na askari yeyote wa Saksonia ambaye baada ya hapo hajatoka upande wowote wa meza anahesabika ametekwa. Ukiweka ishirini na tano, tahadhari inalipa na hakuna atakayeingia korongoni. Ukiweka kumi na mbili, huo ni mchezo wa kukimbia.

Mawe

Watu wakisikia mawe wanafikiria vifo. Fanya hesabu kwanza. Batalioni ya watu 600 ikienda wanne wanne ina safu 150. Pamoja na nafasi kati yao na mikokoteni ya risasi, msafara una urefu wa mita 250 hivi, sentimita 25 mezani. Rundo la mawe likishuka likatawanyika kwa upana wa mita arobaini, linagusa chini ya sehemu moja ya sita ya msafara, na hata hapo wengi wanaruka au mawe yanawapita. Kwa hiyo rundo moja haliwezi kuimaliza batalioni. Linaweza kuikata vipande.

Ndiyo maana kanuni yangu ya mawe ina makali kidogo kwenye vifo na mengi kwenye barabara. Mchezaji wa Tyrol anatangaza kamba imekatwa, anaweka ukanda wa sentimita nne kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi mtoni, na kila kundi lililoguswa linarushiwa dadu. Ikitoka moja au mbili, ni vumbi na laana tu. Tatu au nne, kizibo kimoja kinaondoka, yaani watu ishirini hawafai tena kwa mapigano siku hiyo. Tano au sita, viwili. Lakini vyovyote itakavyotoka, barabara pale imezibwa, na kuizibua kunachukua zamu mbili za kazi chini ya risasi, bila watu hao kufyatua. Rundo likishaachiwa limeisha. Hakuna wa kulipandisha tena.

Uamuzi mtamu ni wa wakati. Ukikata kamba kichwa cha msafara kikiwa chini yako, umeisimamisha batalioni yote, lakini mkia uko huru na unaweza kugeuka na kurudi Mittewald ukiwa mzima. Ukiuacha wote upite ukakata mkiani, umeufunga ndani, ila sasa kichwa kinakimbilia mbele na huenda kikatoka. Ukikata katikati umetengeneza makundi mawili yasiyosaidiana, na kila moja bado lina nguvu ya kukupanda mlimani. Una marundo matatu. Katika tukio la kweli mbele kulikuwa na kizuizi kingine, daraja la Ladritsch lililoharibiwa, ndiyo maana kwenda mbele hakukuwaokoa Wasaksonia. Mezani ninaliweka daraja hilo kama kitu cha kurushiwa dadu: kikosi cha kwanza kinapofika ukingo wa meza, moja hadi nne ina maana limevunjwa na njia hiyo imefungwa. Msaksonia anajua uwezekano huo tangu mwanzo, naye lazima auweke kwenye mizani anapoamua kukimbilia mbele.

Kuhusu risasi nitakuwa mfupi. Gobore la jeshi lilifyatua mara mbili au tatu kwa dakika, na kupita mita mia moja lilikuwa kelele zaidi kuliko silaha. Mpe sentimita kumi. Baadhi ya Watyrol walikuwa na bunduki za kuwindia zenye mifereji ndani ya mtutu, za polepole kujaza ila za kuaminika hadi mita mia mbili. Sentimita ishirini, dadu nusu. Baadhi tu, si wote. Na wote walikuwa na njaa ya baruti, kwa hiyo kila kikosi cha mlimani kipewe mifyatuo sita, ihesabiwe kwa punje za maharage kando ya meza, zikiisha kimebaki na marungu na mawe ya mkononi.

Jambo ambalo wageni wa mchezo hawalioni haraka ni hili: batalioni iliyo kwenye barabara ya korongo haina mahali pa kujipanga. Nguvu yote ya askari wa zama zile ilikuwa mstari mrefu unaofyatua kwa pamoja. Korongoni mstari unakosa pa kukaa. Wakigeuka kuukabili mlima wamepata mstari, lakini mwembamba, wenye mto mgongoni, unaofyatua kuelekea miti. Kwa hiyo ruhusu theluthi moja tu ya kila kundi kufyatua likiwa barabarani. Mchezaji aliyezoea uwanda atalalamika kwamba kanuni inamwonea. Mwonyeshe upana wa barabara.

Nani anamtii nani

Upande wa pili nao una udhaifu wake, na ukiuacha mchezo unakuwa ngano ya mashujaa. Vikosi vya Tyrol vilikuwa mgambo wa vijiji. Walichagua maofisa wao wenyewe, walijuana kwa ukoo na kwa jina la shamba, na mtu akiona kazi imetosha au mavuno yanamngoja, alirudi kwao. Haspinger aliweza kuwapigia kelele, kuwabariki na kuwaaibisha. Kuwaamrisha kama kanali anavyowaamrisha watu wake, hapana.

Kwa hiyo kila zamu kila kikosi cha mgambo kinarushiwa dadu kabla ya kusogea. Tatu au zaidi, kinafanya unalotaka. Mbili, kinabaki kilipo na kinaweza kufyatua. Moja, kinafanya jambo lake: kama kuna mkokoteni ulioachwa ndani ya sentimita ishirini, kinashuka kuupora, kama hakuna, kinarudi nyuma tabaka moja. Sanamu ya Haspinger ikiwa ndani ya sentimita kumi, ongeza moja kwenye dadu. Hapo mchezaji anaanza kumkimbiza padri wake mlimani kama mtu mwenye mitungi mitatu na moto mmoja, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Wasaksonia hawarushi dadu kutii. Wao wanarusha ya ari, pale kundi linapopoteza robo ya watu, linapokatwa na mawe mbele na nyuma, au linapoona kundi jingine limeweka silaha chini. Wakishindwa mara ya kwanza wanasimama. Mara ya pili wanakimbilia kwenye nyumba za karibu, na nyumba zina kuta za mawe. Humo wanakuwa wagumu kuwatoa, lakini hawatoki tena. Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Usiku wa tarehe 4 Rouyer alijiondoa kurudi Sterzing, akawaacha Wasaksonia mbele, na tarehe 5 waliokuwa wamejifungia Oberau walizingirwa hadi wakasalimu amri. Siku chache baadaye Lefebvre mwenyewe alikuja na Wabavaria kujaribu njia hiyohiyo, akashindwa, akarudi Brenner, na tarehe 13 Agosti akapigwa tena kwenye kilima cha Bergisel mlangoni mwa Innsbruck. Mwisho wa mwaka waasi walikuwa wamevunjwa. Hofer aliuawa na Wafaransa kwa kupigwa risasi huko Mantua tarehe 20 Februari 1810, na Peter Mayr siku hiyohiyo huko Bozen.

Limebaki swali la nani ameshinda, maana ukicheza kwa haki Msaksonia atashindwa mara nyingi. Usimpe askari wa ziada ili kusawazisha. Utakuwa umecheza vita vingine. Badilisha kipimo cha ushindi. Batalioni ina vizibo thelathini. Akitoa kumi kupitia upande wowote wa meza, amemzidi kamanda wa kweli na mchezo ni wake. Akitoa kumi na tano huku mikokoteni ikiwa naye, ameshinda kwa heshima. Mtyrol naye asihesabiwe waliokufa upande wa pili tu: kila kikosi cha mgambo kinachopoteza nusu ya watu kinampunguzia ushindi, kwa sababu watu hao wanatoka kijiji kimoja na Haspinger atawahitaji tena Bergisel wiki ijayo.

Kisha badilishaneni viti, wewe uingie korongoni, na mwenzako apange karatasi kumi za kwake.